Waya Uliochimbiwa Kinyume

Kila baada ya mavuno, nyumba ya Rabson pale Igamba ilijaa magunia ya mahindi, na magunia yalileta panya. Panya hao walitafuna sabuni, kandambili na nyaya. Kwa hiyo Rabson aliponunua waya mrefu wa TV, hakutaka mchezo nao. Aliuchimbia ukutani, akapiga plasta juu yake.

Waya ulianzia kwenye kompyuta dukani kwake, mbele ya nyumba, mahali pekee mtandao uliposhika. Uliishia chumba cha nyuma, kwa mama yake, Atuganile. Mama huyo alivunjika nyonga, hatembei. Macho nayo yamefifia, picha ya simu haioni. Jumamosi Irene, mpwa wa Rabson na mjukuu ambaye Atuganile alimlea tangu akiwa mchanga, angefunga ndoa Mbozi Mission. Ibada ingerushwa mtandaoni.

Ijumaa asubuhi Rabson aliwasha TV. Ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Nyeusi tii.

"Mlisema nitamwona," alisema Atuganile. "Kama mlinidanganya ili ninyamaze, semeni sasa."

Rabson alikagua plagi ya TV. Mkewe, Leah, alisimama mlangoni.

"Nilikuambia ujaribu kabla ya plasta. Ukaniambia nyamaza."

"Waya ni mbovu. Yule mama wa Tunduma kaniuzia takataka, na leo atanitambua."

Aliiwasha pikipiki kwa teke, akaondoka na hasira zake. Njia nzima alikuwa akipanga matusi.

Muuzaji aliitwa Lusubilo, fundi wa TV mwenye duka Tunduma. Rabson aliingia bila hodi.

"Wewe mama ni mwizi," alisema mbele ya wateja.

Lusubilo naye hakuwa mtu wa kumezea. Aliweka bisibisi mezani.

"Kaka, watu husalimiana kwanza. Waya uliuchomeka upande gani?"

"Upande gani tena? Vichwa vyote viwili vinafanana."

"Vinafanana, lakini kazi zake si moja." Alichukua waya mwingine wa aina ile ile. "Waya mfupi unachomeka utakavyo. Huu ni wa mita kumi na tano. Picha ikisafiri mbali hivyo inapungua nguvu. Ndiyo maana ndani ya kichwa wameweka kidude cha kuisukuma. Kinasukuma upande mmoja tu. Unauona mshale huu? Uelekee kwenye TV."

Akauchomeka sawasawa, picha ikatokea. Akaugeuza, TV ikawa nyeusi. Rabson alitazama chini.

"Basi nitakata vichwa, nivigeuze, niunge," alisema.

"Ukikata umeuua. Huu hauungwi kama waya wa taa." Sauti ya Lusubilo ilikuwa bado kali. "Nyaya za miaka ijayo zitaiambia TV zenyewe: nimechomekwa kinyume, au picha hii siwezi kuibeba. Nyingine zimeshaanza. Wako hausemi kitu, kwa hiyo soma mshale. Jaribu kwanza. Halafu upitishe kwenye bomba la plastiki. Panya hataufikia, na ukikosea unauvuta tu, hubomoi ukuta."

"Nisamehe, dada," alisema Rabson. Ilimtoka kwa shida.

Alirudi na bomba begani na hasira ile ile, ila sasa ilikuwa juu yake mwenyewe. Alichukua nyundo na tindo, akabomoa plasta taratibu asiukate waya. Leah alizoa vifusi nyuma yake. Waliutoa waya mzima. Waliutandaza sakafuni, wakaelekeza mshale kwenye TV, wakawasha. Picha ikaja. Ndipo wakaupitisha kwenye bomba, wakalifunga bomba ukutani.

Jumamosi Atuganile alikalishwa mbele ya TV, mito mgongoni. Alikuwa bado amenuna.

Ndoa ilifungwa. Kabla ya kutoka kanisani, Irene alimwachia mumewe mkono, akaigeukia kamera. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, kama anavyomwamkia bibi yake kila asubuhi.

Rabson, aliyebaki nyumbani kumwangalia mama yake, alijifuta machozi kwa mkono wenye saruji ya jana kwenye kucha.

Atuganile alinyoosha mkono hadi ukaigusa TV.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Utachafua gauni."