Usukani Uliogoma Majini

Kila Jumamosi asubuhi Merrin alikaanga soseji na vitunguu, akavifunga ndani ya mkate, akateremka navyo gatini. Mume wake, Trevor, alikuwa ameshatangulia. Siku nyingine Trevor alikuwa fundi wa kiwanda cha sukari, na Merrin alikuwa dereva wa basi la shule. Jumamosi ilikuwa siku ya mashua.

Mashua ilikuwa ya baba yake Trevor, mzee Frank. Frank alifariki kabla ya mavuno ya miwa. Aliacha agizo moja: majivu ya mwili wake yamwagwe baharini, nje ya mdomo wa mto, na mkewe ndiye ashike usukani. Mama Nola ndiye aliyeendesha mashua ile tangu Trevor akiwa tumboni. Frank yeye alishughulika na matanga.

Jumamosi hiyo Mama Nola alikuja kufanya mazoezi. Alisimama nyuma ya gurudumu, akalishika, akalizungusha kushoto. Halikwenda. Akalivuta kwa nguvu zake zote. Lilisogea kidogo, likakwama tena.

"Mikono imezeeka," alisema, akaitia mfukoni. "Trevor ashike yeye."

"Si mikono, Mama," Merrin alisema. Alijaribu mwenyewe mpaka mabega yakamuuma. "Hata mimi linanishinda, na basi naliendesha kila siku."

"Basi lina injini ya kukusaidia."

"Haiwezekani," Trevor alisema. "Tulipoiteremsha majini gurudumu lilikuwa laini. Nililizungusha kwa kidole."

Hilo lilikuwa kweli. Merrin aliliona kwa macho yake, mashua ikiwa bado nchi kavu, juu ya chelezo cha kupandishia vyombo. Sasa hakuelewa kitu.

Trevor alifungua kifuniko cha nyuma, akaingia kichwa kwanza. Kutoka kwenye gurudumu, nyaya mbili za chuma zilipita kwenye makapi, vigurudumu vya kuongozea waya, mpaka kwenye mhimili wa usukani. Mhimili ulishuka moja kwa moja hadi kwenye bao la usukani, chini ya maji. Trevor alimimina mafuta kila alipoona chuma. Gurudumu likabaki gumu. Akakaza nyaya. Likazidi kuwa gumu. Akazilegeza. Sasa likachezacheza kidogo, halafu likawa gumu vilevile.

Majirani wa gatini hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni magamba ya baharini yameota kwenye usukani. Mwingine alisema ni nyaya, wanunue mpya. Wa tatu alisema Frank hataki kwenda.

"Wewe unaamini lipi?" Merrin alimuuliza mumewe.

"Nilikuwa naamini la magamba. Sasa hata hilo la baba naanza kulifikiria."

Wakaipandisha mashua kwenye chelezo. Hapakuwa na magamba. Usukani ulikuwa mgumu hata huko juu, lakini zamu za kiwandani zilimbana Trevor, na mashua ikakaa kwenye upepo mkavu kwa wiki kadhaa. Aliporudi, akagusa gurudumu. Lilizunguka lenyewe kama la gari la kuchezea watoto.

"Mafuta yameingia," Trevor alisema kwa furaha. "Yalihitaji muda tu."

Wakaiteremsha. Siku zikapita. Merrin alipokwenda kufagia majani kwenye sitaha, alishika gurudumu bila kufikiri. Lilikuwa gumu kama mwanzo. Alikaa chini pale pale, ufagio mkononi. Hakuna mtu aliyeligusa. Mafuta yalikuwepo. Nyaya zilikuwepo. Ni kitu gani hicho kinachopona kikiwa nchi kavu na kuugua kikiwa majini?

Jioni Mama Nola alipiga simu.

"Merrin, mimi siji. Mwageni nyinyi."

"Mama, utashika wewe. Ndivyo alivyotaka."

"Alitaka, ndiyo. Lakini pale mdomoni mawimbi yanavunjikia kwenye mchanga. Usukani ukigoma pale, mashua italala ubavu, na wote tutamfuata Frank. Simpendi kiasi hicho."

Merrin hakubishana, kwa sababu Mama Nola alisema kweli. Kesho yake alikwenda kwa Salote.

Salote alitoka Fiji, na karakana yake ilikuwa kando ya chelezo. Alitengeneza mashua za mto ule wote na alisema na kila mtu kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. Alisikiliza hadithi nzima huku akisugua propela kwa msasa.

"Mmemimina mafuta, mmekaza, mmelegeza," alisema. "Mlijua tatizo liko wapi?"

"Hapana."

"Basi mlikuwa mnatibu kichwa cha mtu anayeumwa goti. Twende."

Walipofika gatini, Trevor alikuwa ndani ya shimo la nyuma tena.

"Toka huko, kaka," Salote alimwambia. "Mashua imefungwa vizuri?"

"Imefungwa."

"Vizuri. Kazi hii haifanywi mkiwa safarini. Sasa fungua nyaya zote mbili, ziachane na mhimili. Na uweke vidole vyako mbali, makapi hayana huruma."

Trevor alifungua kwa spana. Salote akamgeukia Merrin.

"Zungusha gurudumu."

Merrin alizungusha. Lilikwenda kwa wepesi, kulia na kushoto.

"Kwa hiyo gurudumu, nyaya na makapi ni vizima," Salote alisema. "Sasa leteni kana ya dharura."

Ile ilikuwa bomba fupi la chuma. Lilivaa juu ya mhimili, ili mtu aweze kuongoza mashua nyaya zikikatika. Salote aliliingiza, akalisukuma. Akasukuma tena kwa nyonga. Usukani ulisogea kwa shida.

"Haya. Ugonjwa uko chini, kwenye mhimili wenyewe. Mhimili unazunguka ndani ya bushi, zile pete nene zinazoushikilia. Bushi zina umri gani?"

"Mpya kabisa," Trevor alisema. "Nilizikereza mwenyewe. Zile za shaba za baba zilikuwa zimelika, usukani ulikuwa unagonga usiku kucha."

"Umezikereza kwa kitu gani?"

"Nailoni ya kiwandani. Kipande cha rola kuukuu ya kupitishia miwa. Nailoni ile imebeba miwa miaka na miaka bila tone la mafuta. Hakuna kitu kigumu kuliko ile."

Salote alilichomoa lile bomba.

"Miwa haiogelei, Trevor."

"Una maana gani?"

"Nailoni inakunywa maji. Taratibu, huwezi kuona. Ikishiba inavimba. Uliacha nafasi gani kati ya bushi na mhimili?"

"Sikuacha. Ilikaa sawasawa kabisa. Kiwandani tukiacha nafasi tunafukuzwa."

"Basi ilipovimba ikaukaba mhimili. Ukiipandisha mashua, upepo unaikausha, inasinyaa, wewe unasifu mafuta yako."

Merrin alihitaji kuona. Bandani mwa Trevor kulikuwa na bushi moja ya akiba, iliyokerezwa siku ile ile kwa kipimo kile kile, na haijawahi kugusa maji. Mashua ilipopandishwa tena, Salote alishusha usukani na kuzitoa bushi za nailoni zilizokuwemo, bado zikiwa na unyevu. Merrin aliichukua bushi ya akiba na kuivisha kwenye mhimili. Iliteleza mpaka chini. Akachukua iliyotoka majini. Haikuingia bila nyundo.

"Kumbe ndiyo hivi," Merrin alisema. "Na mimi nilikuwa naanza kumwogopa mzee Frank."

Trevor alizigeuzageuza zile bushi mbili mkononi. "Zinafanana kama pacha."

"Mmoja kalewa," Salote alisema.

Alikereza bushi mpya kwa plastiki ngumu ya mashua, ile isiyonywa maji. Safari hii aliacha nafasi ndogo, unene wa karatasi tatu hivi. Maji yapite na mhimili upumue. Alimwonyesha Merrin jinsi ya kukaza nyaya: zisilegee, lakini zisilie kama nyuzi za gitaa. Akamwonyesha kupitisha karatasi laini juu ya waya. Ikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya ubadilishwe. Usipitishe kiganja.

"Na usukani ukiwa mgumu siku nyingine?" Salote aliuliza.

"Nafungua nyaya kwanza. Najua ni juu au ni chini. Ndipo nashika chombo."

"Na mafuta?"

"Mafuta baadaye," Trevor alijibu kabla ya mkewe.

Mashua ikarudi majini. Merrin hakumwambia Mama Nola lolote. Aliligusa gurudumu kila jioni baada ya kuegesha basi, siku baada ya siku, akingoja ligome. Halikugoma. Hata hivyo hakuliamini, mpaka mwezi ulipopita. Ndipo alipopiga simu.

Siku ya safari bahari ilikuwa tulivu. Merrin aliwaarifu watu wa uokoaji kwa redio kabla ya kuvuka mdomo wa mto: watu watatu, wanatoka, watarudi mchana. Mama Nola alisimama nyuma ya gurudumu na kofia yake kubwa. Mdomoni mwa mto wimbi moja liliinua mkia wa mashua na kutaka kuugeuza. Mama Nola alizungusha gurudumu kidogo, akalirudisha. Mashua ikanyooka.

Walipofika maji ya kina, aliigeuza mashua ili upepo uyapeleke majivu mbali nao. Trevor alifungua kopo. Akayamwaga majivu polepole, mpaka kopo likabaki tupu.

Kisha Trevor alijifuta uso, akaenda nyuma na kunyoosha mikono.

"Lete, Mama. Umechoka. Nivushe mimi tukirudi."

"Kaa chini," Mama Nola alisema. "Unanizibia njia."