Soya Ndani ya Rai Iliyolazwa

Mke wa seremala alikuwa na wivu. Alimwonea wivu wifi yake, dada wa mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na lao. Kila jioni seremala alirudi kutoka kazini, akavua viatu na kuanza.

"Umeiona soya ya dada? Halimi, hapalilii, na bado inanawiri."

"Nimeiona," mkewe alijibu. Yeye alilima mpaka mgongo ukamuuma, na soya yake ikasongwa na magugu.

Msimu uliofuata aliamua kumwiga wifi kimyakimya. Kumwuliza? Macho anayo. Wifi alipopanda rai, nafaka inayofanana na ngano, naye akapanda. Alijua kwamba baadaye rai hulazwa chini, na soya hupandwa humo humo bila kulima. Safari hii alitaka kumtangulia wifi. Akachukua ubao wenye kamba, akaikanyaga nao rai yake yote mpaka ikalala.

Baada ya siku nne rai ilikuwa imesimama tena, wima. Mbegu ya soya alikuwa nayo mfuko mmoja tu. Akiipanda humo, rai itaimeza.

Akamkimbilia bwana shamba.

"Umepita mlango wa wifi yako ukaja huku?" bwana shamba alicheka. "Wenzako wote nawatuma kwake."

Alirudi uso umemshuka. Wifi alikuwa barazani, anachambua mbegu.

"Wifi, rai yangu imeamka."

"Nilikuona ukiikanyaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kisha wifi akainuka, wakaenda shambani. Akakata suke la rai, akalitikisa kiganjani. Hakikudondoka kitu.

"Bado. Subiri itoe maua. Ukitikisa na vumbi la njano likidondoka, hapo ilaze. Haitainuka tena."

"Na soya?"

"Panda hapo hapo. Tenga majani kidogo, toboa udongo, tia mbegu, fukia. Isikae juu ya majani, itakauka. Majani yenyewe yaache. Yanazuia magugu na kutunza unyevu."

Wiki mbili baadaye vumbi la njano lilidondoka. Akailaza rai, ikalala kweli, akapanda soya humo. Jua kali lilipokuja, udongo chini ya majani ulibaki na unyevu. Magugu yaliyochomoza yalikuwa machache, akayang'oa kwa mkono.

Soya ilipokomaa, bwana shamba alileta wakulima kuitazama.

"Nani kakufundisha, mama?" mmoja aliuliza.

Neno "mwenyewe" lilimfika ulimini. Wifi alikuwa amesimama mpakani mwa shamba lake, anamtazama.

"Wifi yangu," alisema. "Nilimwonea wivu, nikachelewa kumwuliza. Nendeni kwake."

Wakaenda wote, wakamwacha peke yake na soya yake nzuri. Ilimuuma kidogo. Kisha akawafuata. Alikuwa amelaza rai yote bila kuacha hata kona moja ikomae itoe mbegu ya msimu ujao, na mwenye mbegu ya rai alikuwa wifi.