Mfuniko wa Kumi na Saba

Haya nilisimuliwa na binti yangu, fundi wa ramani katika ofisi ya majitaka, Jumapili iliyopita tulipokuwa tukianua nguo. Yanamhusu bintiye wa miaka kumi na miwili, ambaye ndugu zake humwita Bi Pua, kwa kuwa hakuna harufu asiyoikunjia uso.

Kila atokapo shule, Bi Pua hupitia ofisini kwa mama yake. Alhamisi hiyo bomba kubwa la mtaa lilikuwa limeziba. Maji meusi yenye mapovu na funza yalitambaa uchochoroni hadi kizingiti cha zahanati. Wagonjwa walirukaruka juu ya matofali. Bi Pua naye aliruka, kichefuchefu kikimpanda kooni.

Ofisini alimkuta dereva wa gari la kunyonya majitaka amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Dada, nionyeshe mfuniko wa shimo la majitaka ulipo nikaufukue. Siwezi kupapasa kinyesi kama kipofu."

"Ramani ya kompyuta inanigomea, kaka, na imepangwa kwa matabaka. Tabaka la barabara linatokea, la nyumba linatokea. La mifuniko tu ndilo halitokei."

"Labda limesikia harufu likakimbia."

Mama akaendelea kutafuta kosa. Mtandao ulikuwa mzima, maana matabaka mengine yalikuja. Akajaribu kompyuta nyingine. Yakawa yale yale. "Basi kosa limo ndani ya faili jipya la mifuniko," akasema.

Bi Pua akasogea kuitazama skrini. Faili hilo lilitokana na kazi ya wanafunzi wa klabu ya mazingira, waliopita na simu wakipima kila mfuniko ulipo. Wa kumi na saba, nyuma ya zahanati, ulikuwa wake. Alikuta tope, nepi na panya aliyeoza, akaishia mbali. Kwenye nafasi ya namba za mahali akaandika: "Pananuka sana." Alidhani mmoja tu hauna neno.

"Mama, ni mimi. Wa kumi na saba sikuupima. Niliandika maneno."

Mama akashuka na mistari ya faili mpaka akauona ule wenye maneno badala ya namba, uliofanya ramani ilikatae faili zima. Akaufuta, akafungua ramani upya. Vitone vyekundu vikajaa mtaa mzima kama upele. Nyuma ya zahanati palikuwa patupu.

"Na ndio huohuo ninaoutaka," dereva akasema.

"Niliuona kwa mbali," Bi Pua akajibu. "Nitawaonyesha."

Walimvisha glavu na mabuti ya mpira yaliyompwaya, mama akamshika mkono. Tope lilifyonza miguu yake. Alitapika mara mbili.

"Tapika tu, mwanangu," dereva akamwambia. "Mimi mwaka wa kwanza wa kazi hii nilikonda kama ufito."

Bi Pua akanyoosha kidole karibu na ukuta. Sururu ikagonga chuma. Bomba la gari likashushwa, na yale maji machafu yakaanza kuondoka kizingitini.

Nyumbani alijisugua kwa sabuni mara tatu. Mama akamwambia, "Kinyaa si kosa, hata mimi hunishika. Kosa ni kujifanya umemaliza kazi usiyoifanya. Ungesema hukufika, ningekwenda mwenyewe. Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Mstari wako mmoja umeangusha kazi ya wenzako wote."

"Nimekoma, mama."

Akanusa vidole, akakunja uso, akaenda kunawa tena, ndipo akalala. Mama akafungua kompyuta yake, akakagua faili mstari kwa mstari hadi wa mwisho, akazima taa, naye akalala.