Kona ya Bomba la Mafuta Moto

Kona ya bomba ilianza kutoa makamasi siku ya tatu baada ya Waziri kuifunga.

Mafuta ya maganda ya korosho ni meusi na huchubua ngozi, na Waziri, fundi wa mabomba katika kiwanda kimoja cha korosho eneo la Mtawanya, aliijua harufu yake kuliko ya jasho lake. Haya yalikuwa meupe. Yalivutika. Yalinuka kidonda kilichooza. Alipoyafuta, kitambaa kilibaki na kucha mbili za binadamu.

Kosa lake alilijua. Ghalani hapakuwa na bomba la chuma kinene la kupitishia mafuta ya moto, na mkuu wa karakana alikuwa amesema, "Funga la maji, kazi isisimame." Akalifunga, jembamba, limenyooka mpaka konani, limebanwa ukuta kwa ukuta. Chuma kikipata moto hurefuka. Kikikosa pa kurefukia hujisukuma chenyewe mpaka kipasuke. Na chini yake waliketi wanawake arobaini wakibangua.

"Fundi," alinong'ona Raheli, mmoja wa wabanguaji, "bomba lako linatafuna."

"Ni joto tu, dada."

"Joto halimezi mate."

Kesho yake tone lilimdondokea Raheli begani, na alipotaka kulifuta likajikunja, likazama chini ya ngozi, likatambaa kuelekea shingoni kama funza mwenye njaa, kinywa cha Raheli kikafunguka kikatoa sauti nzito ya kiume yenye uvundo wa mzoga, mchana kweupe, wenzake wakitapika juu ya korosho: "Ufa ndio mlango wangu. Mmenifungulia wenyewe."

Mwalimu Isihaka, mganga wa mtaa wa Chuno, alifukiza ubani na kumsomea Raheli mpaka akatapika donge la nywele. Kisha akamgeukia Waziri.

"Jini huyu kwa mtu nimemtoa. Kwenye chuma atatolewa na fundi."

"Mkuu hataki moto uzimwe, Mwalimu."

"Bomba alifunga yeye?"

Waziri alizima tanuri la kuchemshia mafuta kwa mkono wake, mkuu akimtukana. Alipolikata bomba, ndani hapakuwa na kutu. Palikuwa na nyama, laini, yenye majimaji, imeshikamana na chuma na kupumua, na kwenye ufa wa kona meno yalikuwa yameanza kuota. Akaendelea kukata. Akafunga chuma kinene alichokwenda kukiomba bandarini, akakiwekea kitanzi katikati kipate pa kurefukia. Wanawake wakarudi kubangua. Raheli alibaki na kovu, na Waziri hakuweza kumtazama usoni.

Lile bomba bovu yeye na Mwalimu walilipeleka mikokoni. Siku tatu nje ya moto, na bado liliwachoma mikono kupitia gunia. Walipolizamisha, matope yakachemka. Kaa wakaanza kutoka mashimoni, mmoja, kumi, mamia, wekundu kama waliotoka chunguni, macho yameiva meupe, nyama zikiwadondoka, nao wakatembea, wote kwa pamoja, kuelekea mjini.