Nywele za Ainul

— Hilo gauni mvue. Ainul atavaa nililonunua mimi.

Hajjah Saodah, mama mkwe wake Melur, hakungoja jibu. Alimbeba mtoto akatoka naye, mlango akaufunga kwa nje.

Siku arobaini tangu ajifungue, Melur hajavuka kile kizingiti. Tumbo limekazwa kitambaa, akikandwa kwa jiwe la moto asubuhi na jioni, samaki mkavu na wali mkavu. Kila akiulizia simu yake, jibu ni lile lile: "Mzazi hashiki simu, macho yataharibika."

Azlan, mumewe, alifika asubuhi hiyo kutoka kwenye mitambo ya mafuta baharini. Aliingia chumbani anatabasamu.

— Simu yako hii, Mel. Mama alikuwa amekuhifadhia.

Melur akaiwasha. Kwa mama yake mzazi, kule Kelantan, ulikuwa umekwenda ujumbe ambao yeye hakuuandika: "Mama, msije kwenye shughuli ya kumkata Ainul nywele. Nimechoka na wageni."

Mwingine ulikwenda kwa wifi yake, Rosnah, dada mkubwa wa Azlan: "Wifi, nimekupa Ainul kwa moyo mmoja. Usiniulize tena, nitalia."

Akamwonyesha mumewe.

— Azlan, ulijua?

Tabasamu likamwisha.

— Mama alisema umekubali. Dada Rosnah aliacha shule ili anilee mimi, Mel. Miaka kumi na miwili kwenye ndoa, hana mtoto. Ningemwambia nini?

— Sijauliza ungemwambia nini yeye. Mimi mkeo uliniuliza?

Sauti ikaita kutoka sebuleni.

— Azlan! Watu wanakungoja wewe!

Alikuwa mama yake. Azlan akatoka kichwa chini, lakini mlango akauacha wazi.

Sebuleni wanaume walikuwa wamesimama wanasoma maulidi. Azlan akampokea Ainul, akamzungusha kwa mzee mmoja mmoja. Kila mzee alikata kishungi kidogo cha nywele za mtoto, akakidondosha ndani ya dafu lililochongwa mdomo. Wanawake walikuwa wanagawa mayai yaliyofungwa kwenye maua ya karatasi.

Maulidi yalipokwisha, Hajjah Saodah akasimama.

— Jamani, leo nina furaha mbili. Azlan, mkabidhi mtoto mama yake. Rosnah, mwanangu, nyoosha mikono.

Rosnah akanyoosha, machozi yanamtoka. Azlan akaganda katikati ya zulia.

— Wifi, soma kwanza.

Ilikuwa sauti ya Melur. Alisimama mbele ya Rosnah, simu mkononi.

— Huu ujumbe sikuuandika mimi. Simu ilikuwa kwa mama tangu nijifungue.

— Melur, rudi ndani! Unatutia aibu mbele ya watu! mama mkwe alifoka.

Rosnah alisoma. Akasoma tena. Mikono ikashuka taratibu.

— Mama, nimelia miaka kumi na miwili. Ulitaka nimlize na huyu ili mimi nicheke?

— Nilikuonea huruma, mwanangu…

— Basi mwombe radhi.

Hajjah Saodah akageukia ukutani. Azlan alipita mbele ya mama yake, mbele ya wazee wote, akamlaza Ainul kifuani kwa Melur.

— Mama yake ni huyu, alisema, sauti inakatika.

Wali wa manjano ulipoanza kuliwa, wao walikuwa garini. Rosnah ndiye aliyewabebea begi. Alimbusu Ainul utosini, Melur akamshika mkono.

— Wifi, njoo kwetu umwone. Njoo wakati wowote.

Rosnah aliitikia kwa kichwa tu.

Azlan alishika usukani, hakuwasha gari.

— Umenisamehe?

— Bado. Siku arobaini nilikuwa naomba mtu mmoja tu aniulize nataka nini.

Akamgeukia.

— Unataka nini, Melur?

— Nataka kwetu, Kelantan. Na wewe uje. Ila utalala chumba kimoja na baba yangu, naye anakoroma, mpaka nitakapokuita mwenyewe.

— Hata mwaka?

— Endesha, Azlan.

Akawasha gari.