Sanamu Nyekundu ya Sada

Rangi nyekundu ilikataa kukauka. Yahaya alikuwa amezianika sanamu zake uani tangu asubuhi, na adhuhuri alipozigusa, vidole vilitoka vimelowa, vinanukia marashi. Katika kazi ile hapakuwa na marashi. Kulikuwa na plasta, rangi, na gundi ya kwato za ng'ombe iliyochemka ikinuka kama bucha.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, Uhuru ukikaribia, na kila nyumba ya Mwanza ilitaka pambo jipya. Yahaya alikuwa na ufundi wake: akiimimina gundi ya moto juu ya sanamu iliyopakwa mafuta, ikipoa huwa laini kama mpira; akiibandua, amepata kalibu. Akitia plasta humo, anapata sanamu ya pili, inayofanana na ya kwanza mpaka mikunjo ya nguo.

Kosa lake ni sanamu aliyoichagua. Ilikuwa mali ya mkewe, Sada, aliyekuwa akipandwa na jini tangu usichana. Jini lilipomzidi, lenyewe lilimwamuru alifinyangie sura yake, mwanamke wa kanzu nyekundu asiyezidi urefu wa kidole, aifungie sandukuni. Akafanya hivyo, jini likatulia. Sada alipokwenda msibani Igoma, Yahaya akaichukua.

Sada aliporudi akazikuta nakala zake zimepangwa uani, hakupiga kelele.

"Umeingia sandukuni mwangu, Yahaya. Hukuniuliza."

"Ni plasta tu, Sada."

"Haya. Kaa na plasta yako."

Tangu hapo hakumpikia wala kumsemesha. Yahaya akaziuza sanamu vilevile. Kisha wanunuzi wakaanza kurudi. Dorotea, jirani yao, aliirudisha yake imefungwa kwenye kanga, akanong'ona kwamba ndani ya kabati kuna mtu anauliza, "Huyu mwingine ni nani?" Na nyumba ya pili ikasikia swali lilelile, na ya tatu, mpaka sanamu zote zikarudi uani kwa Yahaya, na marashi yakajaa chumbani, yakaingia kwenye maji ya kunywa, na kila alipopita alisikia nyuma yake vijisauti vingi vikiulizana, vikigombana, vikinyamaza kwa pamoja alipogeuka.

Akaitwa Bi Zakia, mganga wa majini. Alipofukiza ubani, Sada akabadilika sauti.

"Nilimpa huyu mwanamke sura yangu moja," jini likasema. "Wewe umenifanya wengi. Sasa mimi ni yupi?"

Bi Zakia akamwambia Yahaya aombe radhi, kwa jini na kwa mkewe. Yahaya alikuwa amefura kwa hasara aliyoipata. Akasema hapigi magoti ndani ya nyumba yake mwenyewe, akashika nyundo, akazivunja sanamu zote, na kalibu nayo akaikatakata. Jini likamtazama hadi akamaliza.

"Nimeiona kazi yako," likasema. "Nimejifunza."

Sada akaanguka. Alipozinduka, marashi yalikuwa yametoweka.

Wiki hiyohiyo Ngosha, muuza samaki, alikuja kumlaumu Yahaya kwamba amempita sokoni bila salamu. Yahaya alikuwa hajatoka nyumbani. Kinyozi Venant naye, alipomwona na nywele ndefu, akashangaa: si amemnyoa asubuhi?

Jioni moja Yahaya alikuwa mkekani anakula viporo, mlango ukabishwa.

"Sada, nifungulie." Ilikuwa sauti ya Yahaya.

Yahaya wa mkekani akaacha tonge. "Usifungue," akanong'ona. "Mke wangu, usifungue."

Sada akamtazama mumewe, akangoja aongeze neno. Hakuongeza.

"Sada," ikasema sauti ya nje, taratibu, "nisamehe. Niliingia sandukuni mwako bila kukuuliza."

Sada akainuka, akaenda kufungua.