Fundi Kioo na Ndoo ya Mchanga

Ndugu zangu, mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, kisha aje akae tusikilizane. Haya yalitokea nyumba ya pili kutoka kwangu, na mpaka leo nikipita pale moyo huniuma.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Asubuhi ungemkuta mama mwenye nyumba barazani, mteja ameketi chini mbele ya magoti yake, vidole vikienda mbio. Tulimwita Msusi, na mtaa mzima ulijua kwamba nywele alizosuka yeye hazilegei upesi. Katika chumba cha ndani mumewe aliwasha mota yake na kung'arisha mipini ya visu. Haikuwa ya mbao wala plastiki. Ilikuwa ya titani, ile metali nyepesi, ngumu, isiyoshika kutu. Mtengeneza visu alimletea ikiwa na makwaruzo, naye akaipiga msasa, akaisugua kwenye gurudumu la kitambaa mpaka ukaweza kujitazama meno. Ndiyo maana tukamwita Fundi Kioo.

Walipendana wale, msinielewe vibaya. Kasoro ya Fundi ilikuwa kwamba mkewe hakuambiwa chochote kuhusu kazi ile. "Ya kazini yabaki kazini," ndio ulikuwa msemo wake. Jamani, kazi yenyewe ilitengwa na kitanda chake kwa ukuta mmoja tu!

Mtengeneza visu alikuwa amemwonya tangu mwanzo. Vumbi la titani ni laini kama unga, na cheche ikiliangukia linawaka. Alitoe nje kila siku. Asifanyie kazi hiyo ndani ya nyumba wanamolala watu. Na likiwaka asithubutu kumwaga maji, maana maji huulipua moto ule. Auzime kwa mchanga mkavu. Fundi aliitikia yote. Akaleta ndoo ya mchanga, akaiweka kwenye kona ya chumba, akaona amemaliza.

"Mchanga wa nini tena ndani ya nyumba?" mkewe aliuliza. Nilikuwepo siku hiyo, nasukwa.

"Mambo ya ufundi hayo, mama watoto. Utayaelewea wapi?"

"Nieleweshe basi. Kwani mimi nilizaliwa najua kusuka? Si nilifundishwa!"

Fundi akacheka, akarudi kwenye mota yake. Msusi akaguna, akaendelea na kichwa changu.

Vumbi la kijivu likazidi kujaa kwenye debe chini ya meza, limechanganyika na matambara ya kufutia. Leo atalitoa, kesho atalitoa. Mnazijua kesho za namna hiyo, hata kwenu zipo.

Mchana mmoja Fundi alizima mota akatoka barazani kupunga upepo.

"Shemeji," akanitania, "hicho kichwa kila wiki kinasukwa, hakichoki?"

"Kingekuwa na upara kama chako kingepumzika," nikamjibu.

Tukacheka sote, na Msusi akiwa bado anatabasamu akaingia ndani kuchukua kitana. Hatukujua kwamba cheche iliyoruka wakati wa kupiga msasa ilikuwa imeshaingia kwenye debe, inatafuna matambara polepole.

"Moto! Baba watoto, moto!"

Fundi aliruka, nami nikamfuata. Kutoka mlangoni tuliona mwanga mweupe unaoumiza macho, na Msusi amesimama mbele yake na beseni la maji. Kosa lake liko wapi? Sote tumelelewa hivyo, moto ukiwaka tunamwaga maji.

"Si maji! Mama watoto, si maji!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomfundisha kuhusu kazi yake, na maji yalikuwa yameshamwagika. Kishindo kikalia, moto ukaruka juu na kumvaa mikononi. Tulimvuta nje, kisha Fundi akarudi na kuuzima kwa ile ndoo ya mchanga. Ilikuwa pale pale kwenye kona. Mkewe angeifikia kwa kunyoosha mkono.

Msusi alipona, kama kuwa hai peke yake ni kupona. Ngozi ilishikana, vidole vikajikunja. Madaktari walijitahidi, lakini walisema havitanyooka tena. Wateja walikuja kumpa pole, wakalia naye, kisha wakatafuta msusi mwingine.

Jioni moja nilikuwa namlisha uji, Fundi ameketi sakafuni kando ya kitanda. Msusi akamtazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi akasema, "Ungenikataza kufanyia kazi ndani."

"Ningekukataza," alisema Msusi. "Ndiyo, ningekukataza."

Machozi yakamtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mumewe alipoinua kitambaa ili amfute, Msusi akaugeuzia uso ukutani.

FUNZO

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukileta nyumbani kazi yenye hatari, hatari hiyo ni ya kila anayelala humo, na kila mmoja ana haki ya kuijua na ya kuikataa. Baba, usimwambie mkeo hataelewa. Mweleze. Na ukijiona unaficha jambo kwa kuhofia kwamba wa nyumbani watalipinga, jua moyo wako umeshakubali kwamba wana haki. Wasikilize wakiwa bado wazima.